Chama Hurithi Nini?

Hoja iliyo mezani ni hii: chama cha siasa kilichowahi kushirikiana na makundi yaliyopigania utawala wa Mzungu juu ya Mwafrika hubaki na deni hilo, hata kikibadili jina, viongozi na katiba. Ni hoja ya kujadiliwa Johannesburg hasa. Chama cha siri cha Broederbond, kilichoongoza utawala wa makaburu, kilizaliwa katika jiji hili mwaka 1918, gazeti la Verwoerd, Waziri Mkuu wa baadaye, lilichapwa hapa, na siku chache kabla ya uchaguzi wa kwanza wa watu wote, tarehe 24 Aprili 1994, bomu la AWB, kundi lenye silaha la Makaburu, lililotegwa ndani ya gari liliua watu 9 katika Mtaa wa Bree, karibu na makao makuu ya ANC.

Sauti tatu zinazofuata nimezitunga, lakini watu wa namna hii wapo Yeoville na Mayfair, na mabishano haya wanayabishana kweli. Mwalimu ni mstaafu wa somo la historia, mtu wa Morogoro, aliyewaona kwa macho yake wapigania uhuru wa Afrika Kusini wakijenga shule yao Mazimbu. Wakili ni mwanamke wa Mombasa anayeshughulikia kesi za haki za binadamu hapa jijini. Kijana alizaliwa Bukavu, akakulia Yeoville, na sasa anasoma Chuo Kikuu cha Johannesburg. Mimi nitaingia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

KIJANA: Shikamoo Mwalimu, shikamoo dada. Naanza na ninapokaa kila siku. Chuo changu kimetokana na Rand Afrikaans University, iliyoanzishwa 1967. Mkuu wake wa kwanza, Gerrit Viljoen, alikuwa mwenyekiti wa Broederbond huku akiwa bado mkuu wa chuo, kisha akawa waziri katika serikali ya National Party, chama kilichotawala kwa ubaguzi. Jirani yetu pale Auckland Park ni redio na televisheni ya taifa, SABC. Kwa miaka mingi mwenyekiti wa bodi yake alikuwa Piet Meyer, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Broederbond pia. Sasa nielezeni: chama kiliishia wapi na undugu wa siri ukaanzia wapi?

MWALIMU: Marahaba, mwanangu. Tuanzie nyuma kidogo, maana bila hapo hutaelewa nguvu yao ilitoka wapi. Mwaka 1918 Mkaburu wa Johannesburg alikuwa mtu wa chini miongoni mwa Wazungu. Vita vya 1899 hadi 1902 vilichoma mashamba yao, wanawake na watoto wao wakafia katika kambi za Waingereza, na waliokimbilia mjini walikuta migodi, benki na lugha ya ofisini vyote ni mali ya Mwingereza. Waliokutana wakaunda Broederbond walikuwa vijana wa kazi ndogo, akiwemo Henning Klopper, karani wa reli. Uchungu wao ulikuwa wa kweli. Dawa waliyoichagua ndiyo iliyotuletea maafa.

Baada ya muda mfupi wakaingia sirini. Kujiunga huombi, unachunguzwa, kisha unaitwa. Lazima uwe mwanamume, Mkaburu, Mprotestanti. Mwaka 1929 wakaanzisha FAK, shirikisho la vyama vya utamaduni, likawa uso wao wa hadharani. Mwaka 1934 watu wao wakafungua benki ya Volkskas, ambayo miaka mingi baadaye iliingia ndani ya Absa. Walianza na mashule, makanisa, lugha na akiba za watu, na siasa ikafuata. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wapata elfu 12, katika nchi ya mamilioni ya watu. Na kuanzia Malan mwaka 1948 hadi de Klerk aliyekabidhi madaraka mwaka 1994, kila mkuu wa serikali alikuwa mwanachama. Yule karani wa reli, Klopper, akawa Spika wa Bunge.

WAKILI: Mwalimu, nakubali yote hayo, lakini mahakamani ningekuuliza: umethibitisha kwamba watu walewale walikuwa pande zote mbili, je, umethibitisha kwamba chama kilikuwa chombo cha kundi? National Party kiliundwa mwaka 1914 na Jenerali Hertzog, kabla Broederbond haijakuwepo. Na Hertzog huyohuyo, akiwa Waziri Mkuu, alisimama Smithfield mwezi Novemba 1935 akawaumbua hadharani. Mzazi wa chama ndiye aliyelikana kundi.

MWALIMU: Kumbuka alisema nini siku ile, dada. Alisema kwamba chama kipya cha Malan, kile kilichojitenga naye, ni Broederbond inayofanya kazi hadharani, na Broederbond ni chama hicho kinachofanya kazi chini kwa chini. Huyo ni mtu aliyewajua kwa majina. Mwaka 1944 Waziri Mkuu Smuts akawapiga marufuku watumishi wa serikali kuwa wanachama wao. Malan alipoingia madarakani, marufuku hiyo ikaondolewa. Mlango ulifunguliwa na nani? Na chama.

WAKILI: Kwa mlango huo nakuachia. Lakini hoja yetu haikusema Broederbond peke yake. Ilisema makundi. Chukua Ossewabrandwag. Lilianzishwa mapema 1939, baada ya maadhimisho ya miaka 100 ya ile safari kuu ya magari ya ng'ombe. Likajaza wafuasi wengi kuliko chama chochote cha Makaburu. Kiongozi wake, Hans van Rensburg, aliipenda Ujerumani ya Hitler waziwazi. Kikosi chake cha Stormjaers kililipua nyaya za umeme na reli wakati wa Vita Kuu ya Pili. Malan alifanya nini? Mwaka 1941 alivunja nao. Walitaka nchi isiyo na bunge, yeye alitaka kushinda kwa kura. Ule ugomvi ulikuwa wa kweli, ndugu waligombana makanisani. Mkisema chama na kundi ni kitu kimoja, mnafuta historia hiyo.

KIJANA: Dada, ugomvi huo haukudumu. Kwenye uchaguzi wa 1948 Malan alishirikiana na Afrikaner Party, na watu wa Ossewabrandwag walikuwa wamejikusanya humo. Alipata viti 70, wenzake 9, wakatwaa nchi. Mwaka 1951 vyama hivyo vikawa kimoja. Robey Leibbrandt, aliyeletwa na Wajerumani kwa mashua mwaka 1941 kuja kuipindua serikali, alihukumiwa kifo, Smuts akampunguzia adhabu iwe kifungo, na serikali ya Malan ikamtoa mwaka huohuo wa 1948. Louis Weichardt, aliyeanzisha Mashati ya Kijivu mwaka 1933 kwa kuwaiga watu wa Hitler, mwaka 1956 akawa seneta wa National Party. Kuvunja uhusiano gani huko?

Hapa naingia. Swali la Kijana ndilo linaloamua mjadala huu, kwa maoni yangu. Tunapopima uhusiano wa chama na kundi la ubaguzi, tumezoea kutafuta picha: nani alisimama jukwaa moja na nani, nani alivaa shati gani. Malan angeufaulu mtihani huo vizuri sana mwaka 1941. Alitoa tamko, akafunga mlango, akawaita watu wa Ossewabrandwag hatari kwa umoja. Kipimo cha kufaa ni kinachofuata baada ya tamko: waliofungiwa mlango walipata kazi gani miaka 10 baadaye, na mambo waliyoyataka yaliingia katika sheria zipi. Kwa kipimo hicho Malan hakuvunja chochote. Alikataa uongozi wao, akachukua watu wao.

Na mtu mmoja miongoni mwao aliiachia Johannesburg jengo.

WAKILI: Najua unamsema nani, na sitamtetea. B. J. Vorster alikuwa jenerali wa Ossewabrandwag. Serikali ya Smuts ilimfunga Koffiefontein bila kumfikisha mahakamani, na kule alikuwa pamoja na Hendrik van den Bergh. Mwaka 1966 Vorster akawa Waziri Mkuu. Mwaka 1969 van den Bergh akapewa idara mpya ya ujasusi, BOSS. Mwaka 1968 Vorster alifungua makao ya polisi katikati ya jiji hili, yakaitwa kwa jina lake, John Vorster Square. Yeye aliyefungwa bila kushtakiwa ndiye aliyesimamia, akiwa Waziri wa Sheria, sheria za kuwafunga wenzake bila kuwashtaki.

Tarehe 27 Oktoba 1971 mwalimu wa shule wa Roodepoort, Ahmed Timol, alianguka kutoka ghorofa ya kumi ya jengo hilo akafa. Hakimu wa mwaka 1972 alisema alijiua. Familia haikukubali. Mwaka 2017 Jaji Billy Mothle alisikiliza upya, akawasikia waliofungwa pamoja naye, akawasikia wataalamu wa majeraha, akaamua kwamba Timol aliuawa. Miaka 46. Daktari Neil Aggett alikutwa amenyongwa humohumo Februari 1982, na kwake pia mahakama ilifika mwaka 2022 ndipo ikafuta uamuzi wa zamani wa kujiua. Nimezisoma hukumu hizo neno kwa neno. Sina haja ya kuambiwa damu ile ni ya nani.

KIJANA: Basi tunakubaliana.

WAKILI: Hatukubaliani, mdogo wangu. Hukumu zile zina majina, vyumba, saa, na amri. Wewe unataka kuhukumu vyama vya leo kwa ukoo wao.

MWALIMU: Msiruke hadi leo kabla hatujamzungumza Verwoerd, maana yeye hakuwa na sare, alikuwa na gazeti. Alikuja Johannesburg mwaka 1937 kuwa mhariri wa kwanza wa Die Transvaler, gazeti la chama. Mwaka uliotangulia, akiwa profesa Stellenbosch, alikuwa mmoja wa waliopinga kuwapokea Wayahudi waliokuwa wakimkimbia Hitler. Gazeti la The Star lilipomshutumu kwamba anaeneza propaganda za Wanazi, alishtaki. Mwaka 1943 Jaji Millin akamwambia kwamba amelifanya gazeti lake chombo cha Wanazi nchini Afrika Kusini, na kwamba alijua. Dada Wakili, hiyo ni hukumu, kama unavyopenda. Miaka 15 baadaye aliyehukumiwa akawa Waziri Mkuu. Chama hakikuiona hukumu ile kuwa doa.

Ila nisije nikaonekana nasema ni Makaburu peke yao. Mwaka 1922 wachimba migodi Wazungu wa ukanda huu wa Rand waligoma kwa silaha, na bango lao liliwataka wafanyakazi wa dunia waungane wapiganie Afrika Kusini ya Wazungu. Wakomunisti walikuwa miongoni mwao. Smuts aliwapiga kwa ndege na mizinga. Miaka miwili baadaye Labour Party, chama cha wafanyakazi wa Kiingereza, kikaungana na Hertzog kutawala, na mwaka 1926 wakaandika katika sheria kwamba kazi za ufundi migodini si za Mwafrika. Sheria ile ilifanya kazi kimyakimya kuliko bomu lolote.

KIJANA: Mwalimu, mbona unawaweka mbali AWB? Eugène Terre'Blanche na wenzake sita walianzisha kundi lile mwaka 1973 Heidelberg, mwendo mfupi tu kutoka hapa. Mwezi Juni 1993 waliingia kwa gari la chuma kupitia ukuta wa vioo pale Kempton Park, wajumbe wa mazungumzo ya kumaliza ubaguzi wakiwa ndani. Chris Hani, kiongozi wa Wakomunisti, aliuawa Boksburg mwezi Aprili mwaka huohuo. Aliyefyatua risasi alikuwa Janusz Waluś. Aliyempatia bastola alikuwa Clive Derby-Lewis, mwanasiasa wa Conservative Party, chama rasmi cha upinzani bungeni! Tena aliyekianzisha chama hicho mwaka 1982, Andries Treurnicht, aliwahi kuwa mwenyekiti wa Broederbond.

MWALIMU: Siwaweki mbali. Nasema waliua, na waliouawa wana haki ya kutajwa kila mwaka. Lakini AWB walishindwa. Mwezi Machi 1994 walikwenda Bophuthatswana kuokoa utawala wa kibaraka wakarudi wameaibika, na ndipo Jenerali Constand Viljoen akaamua kuingia kwenye uchaguzi na chama chake cha Freedom Front. Wale wa kelele walipigwa na kushindwa ndani ya miaka michache. Wale wa kimya walitawala miaka 46.

WAKILI: Na polisi wa National Party waliwafyatulia risasi AWB Ventersdorp mwezi Agosti 1991. Hilo nalo liandikwe. Na kuhusu Viljoen mwenyewe: alikuwa mkuu wa jeshi zamani, angeweza kuwasha vita. Alijiandikisha, akapata viti 9, akakubali matokeo. Chama chake, ambacho sasa kinaitwa Freedom Front Plus, kimo ndani ya serikali ya umoja wa kitaifa tangu 2024. Je, tungependa abaki porini na bunduki ili ukoo wake usituchafulie bunge?

KIJANA: Ningependa aulizwe maswali. Chama cha DA hivyohivyo. Mwaka 1999 Democratic Party kiliwafuata wapiga kura wa National Party kwa wito wa kupigana, kikawapata. Mwaka 2000 vyama vyenyewe vikaungana, ndipo DA ikazaliwa. Wananiambia DA ni watoto wa Helen Suzman. Ni kweli, mama yule alisimama bungeni kupinga ubaguzi, peke yake katika chama chake, miaka 13, kuanzia 1961, kwa kura za Houghton hapahapa Johannesburg. Lakini mtoto huyu ana mzazi mwingine.

WAKILI: Kisha mwaka 2001 mzazi huyo mwingine akaondoka. Akaenda wapi?

KIJANA: Najua.

WAKILI: Lisikike.

KIJANA: Kwa ANC. Mwaka 2004 Marthinus van Schalkwyk, kiongozi wa New National Party, jina jipya la National Party, alipewa uwaziri na Rais Mbeki. Mwaka 2005 chama kikavunjwa na wabunge wake wakawa wa ANC. Chama cha Verwoerd kilizikwa ndani ya chama cha Mandela.

WAKILI: Basi kama deni hufuata ukoo, ANC nayo inadaiwa. Utakubali?

Kijana hakujibu mara moja, nami sikumharakisha, kwa sababu hapa hoja yake ya mwanzo inavunjika. ANC haikurithi itikadi ya Verwoerd kwa kuwapokea wabunge wachache waliochoka. Lakini pia haikuwataka waseme walichokijua. Waliingia na kadi mpya, na yaliyojulikana katika vikao vya zamani yakabaki vifuani mwao. Hilo ndilo kosa ninaloliona, na ni la ANC kama lilivyo la DA: kila aliyewapokea alihesabu kura, hakudai maelezo.

KIJANA: Nakubali kubadilisha. Sisemi tena damu. Nasema hesabu. Chama kinachopokea watu, majengo, fedha au wapiga kura wa chama cha zamani kimepokea na wajibu wa kueleza.

MWALIMU: Hapo umenifurahisha, mwanangu, na nitakupa mfano wa mtu aliyeeleza. Beyers Naudé. Baba yake alikuwa miongoni mwa waasisi wa Broederbond. Yeye mwenyewe aliingia akiwa kijana, mwaka 1940, akawa mchungaji wa Aasvoëlkop hapa Johannesburg, kanisa la wakubwa. Baada ya mauaji ya Sharpeville, mwaka 1960, dhamiri ikamsumbua. Alizitoa nyaraka za siri akampa Profesa Albert Geyser azisome, na kutoka hapo zikafika Sunday Times mwaka 1963. Aliacha Broederbond, akaacha mimbari, akaongoza Christian Institute, na kuanzia 1977 serikali ikampiga marufuku miaka 7. Barabara iliyokuwa ya D. F. Malan leo inaitwa kwa jina lake. Tulipokuwa Morogoro, mwaka 1969 ANC walifanya mkutano wao mkubwa pale mjini na wakaamua kuwafungulia uanachama wasio Waafrika. Sisi wenyeji tulishangaa. Watu kama Naudé ndio waliotusaidia kuelewa uamuzi ule.

WAKILI: Marekani wanalumbana hivihivi. Republican wanawakumbusha Democrats kwamba Ku Klux Klan lililea siasa zao za Kusini, na kwamba mkutano wao mkuu wa 1924 New York ulishindwa hata kulilaani kundi hilo kwa jina. Democrats wanajibu kwamba baada ya sheria ya haki za raia ya 1964 wapiga kura walewale walihamia upande wa pili, na kwamba David Duke wa Klan alichaguliwa bunge la Louisiana mwaka 1989 kwa tiketi ya Republican, ingawa wakubwa wa chama walimpinga. Wote wawili wanasema kweli, na hakuna anayeeleza lolote kuhusu nafsi yake. Sitaki tufike huko. Nataka ushahidi.

KIJANA: Dada, na ushahidi ukiwa umechomwa? Tume ya Ukweli ya Askofu Tutu iliandika kwamba mwaka 1993, mazungumzo yakiendelea, idara ya ujasusi ya serikali ya National Party iliharibu tani zipatazo 44 za kumbukumbu zake. Walizitia kwenye tanuru. Unamtaka mtoto wa Soweto alete karatasi ipi?

WAKILI: Kisheria, aliyeharibu ushahidi ndiye anayebebeshwa shaka. Hilo nakupa bila masharti.

MWALIMU: Basi abebeshwe, lakini akiwa mtu. Chama hakifungwi jela, mama. Tukikipa chama lawama yote, waliotia karatasi zile motoni watakufa vitandani mwao.

WAKILI: Wanakufa sasa hivi, Mwalimu. Polisi mstaafu aliyeshtakiwa mwaka 2018 kwa kifo cha Timol alifariki 2021 kesi haijasikilizwa. Na alichelewa kushtakiwa chini ya serikali ya ANC, wala si ya Malan. Kwa miaka mingi faili za Tume ya Ukweli zilikaa kwa waendesha mashtaka bila kufunguliwa.

KIJANA: Kwa hiyo waulizwe wote. Van Schalkwyk na wenzake walioingia ANC, DA waliobaki na matawi na wapiga kura, Freedom Front Plus wanaosimamia magereza leo. Waulizwe jambo moja kwa moja: mliyemrithi alijua nini, na ninyi mlipompokea mlimuuliza nini?

WAKILI: Wakijibu kwamba hawakuuliza?

KIJANA: Iandikwe hivyo, dada, kwa jina la chama na jina la aliyejibu.